Abiria wa Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imetuwahi. Nilitaka wiki moja zaidi na lori, badala yake leo nimefanya kazi chini ya turubai huku maji yakinitiririka mgongoni, na Honi anazunguka uani akiuliza "bado?" kila nikishika spana. Honi ni mdogo wangu na ndiye dereva. Jina hilo alijipatia mwenyewe, maana hawezi kumpita hata kuku barabarani bila kumpigia honi.

Lori ni la marehemu baba, la petroli, silinda sita, zee kuliko Honi. Tangu mvua za mwaka jana limekaa juu ya matofali bila gia boksi. Wiki ileile niliyoishusha gia boksi ndiyo homa ilimchukua mtoto wa Honi, wa kwanza na wa pekee, hapahapa nyumbani, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kushika kitu. Sasa kiwanda kimetupa kazi ya kuvusha mbao ng'ambo ya mlima. Honi ameanza kula tena. Kwa hiyo lori litembee; gia boksi nimekwisha irudisha.

Leo nimepanga valvu. Nimefungua kifuniko, nimezungusha injini kwa hendeli, silinda moja hadi nyingine, nikipitisha fila kwenye kila valvu. Fila ni kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo, kisiteleze wala kisikwame. Valvu za kutolea moshi nimeziachia nafasi zaidi kwa sababu ndizo zinazoungua. Mikono inauma lakini nimeridhika.

Jumanne, 4 Machi

Wifi alikuja na kikombe cha chai akasimama kunitazama. Ni mke wa Honi, mtu wa maneno machache siku hizi, kwa hiyo alipouliza ninafanya nini nilifurahi, nikamweleza kila kitu, hata asichouliza.

Nilimwambia cheche ya plagi inatakiwa iruke pistoni ikiwa inakaribia kufika juu. Ikiwahi sana, injini inagonga. Ikichelewa sana, moto unaendelea kuwaka ukiwa njiani kutoka, nguvu yote inaishia kwenye ekzosi na chuma kinapata joto la bure. Kwenye puli ya mbele pana alama, na kwenye bloku pana kidole cha chuma. Unazungusha injini mpaka alama ikutane na kidole, kisha unageuza distribyuta, kile kinachogawia plagi umeme, polepole mpaka taa ndogo ya kujaribia iwake, maana yake platini, vile vibati vya kukata umeme, zimeachana. Unakaza nati. Basi.

"Na alama ikiwa imekosewa?" akauliza.

"Wifi, hiyo iliwekwa kiwandani. Hao si mimi wala wewe."

Akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwaka jana. Lori liliwaka mara ya tatu, na Honi akapiga honi mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani kafa.

Alhamisi, 6 Machi

Safari ya kwanza. Honi na Utingo, msaidizi wake garini, wamerudi wamelowa na wanacheka. Mbao zimefika salama.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua tu.

Jumanne, 11 Machi

Honi anasema mlimani lori linachoka. Rejeta ilichemka, wakasimama kusubiri ipoe. Nimepima taimingi ya cheche: taa inawaka kabla alama haijafika kwenye kidole. Yaani cheche inawahi. Mtu amegeuza distribyuta.

Nikamwita Utingo. Ni mtu mzima, amefanya kazi na baba, lakini nilimhoji kama mwizi. "Umegusa injini yangu?"

"Dada fundi, mimi nagusa mbao na kamba. Hiyo yako naiogopa."

Nimeirudisha kwenye alama na kukaza kwa nguvu zangu zote.

Ijumaa, 14 Machi

Limezidi kuchoka. Taa inawaka kabla ya alama, tena. Nimerudisha, na safari hii nimechora mstari kwa msumari, nusu juu ya distribyuta, nusu juu ya bloku. Atakayeigeuza nitamjua.

Jumatatu, 17 Machi

Mstari haujahama hata unywele. Nimeuangalia kwa tochi, nikaupapasa kwa ukucha. Nusu mbili zimekutana vilevile nilivyozichora. Na bado taa imewaka kabla ya alama.

Nimekaa juu ya ndoo nikifikiria. Mnyororo wa ndani ukilegea taimingi inachelewa, haiwahi. Platini nimezipima, ziko sawa. Hakuna kilichosogea, na wakati umesogea. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya gizani, lakini nilijikuta nimelipa lori mgongo kwa shida, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa asiyemjua.

Nimeirudisha kwenye alama. Ningefanya nini kingine?

Jumatano, 19 Machi

Utingo ameacha kazi. Alikuja asubuhi na begi, akakataa kuketi.

"Dada fundi, mimi na huyu mdogo wako hatuna ugomvi. Ila mle ndani tuko watatu."

"Watatu na nani?"

"Sijui. Anakaa katikati. Tukianza kupanda mlima anakuja, tukishuka anaondoka. Hasemi kitu. Ana joto, kama mtu mwenye homa."

Nikamwambia aache pombe. Akaniangalia kwa huruma, mzee yule, akasema hajanywa tangu baba yangu azikwe. Kisha akavuka geti. Hakutazama upande lilipoegeshwa lori.

Nilimuuliza Honi kama naye ameona kitu. Alikuwa anafunga kamba ya viatu. Alifunga kiatu kimoja kwa muda mrefu sana, akasema, "Kichwa kinaniuma tu, dada."

Ijumaa, 21 Machi

Wifi ameanza kupanda na Honi badala ya Utingo. Kabla ya msiba walikuwa wakisafiri pamoja kila siku. Mama amesema ni vizuri, watazungumza. Mvua haijakatika.

Jumapili, 23 Machi

Honi amelala mpaka saa sita, ameamka mzima, amekula sahani mbili. Mama amelisema lile ambalo nilikuwa naliona bila kulitaja: siku asiyoliona lori, kichwa hakimuumi.

"Liuzeni," akasema Mama.

"Nani atalinunua linachoka hivi?" nikajibu, na maneno hayo yakaniudhi mwenyewe.

Jumatano, 26 Machi

Nimefungua valvu tena. Za kutolea moshi zimebana, fila haipiti kabisa. Sijawahi kuona valvu zikibana haraka hivi. Ni kama injini imepikwa. Nimezipanga upya. Taa inawaka kabla ya alama; nimerudisha. Nimeanza kuichukia ile taa.

Ijumaa, 28 Machi

Wifi amerudi kwa miguu.

Alishuka mlimani, kwenye mvua, akamwacha Honi aendelee peke yake. Alifika jioni, viatu mkononi. Nilimvua nguo za juu, nikamfunika, Mama akamwekea maji ya moto miguuni. Nikamuuliza kama Honi amempiga. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama wamegombana.

"Nilitaka kufungua kioo," akasema. "Akanikemea. Hajawahi kunikemea hivyo, wifi."

"Kioo tu?"

"Sipandi tena. Usiniulize."

Mama akasema mwanamke akishashuka garini kwenye mvua ndoa imefika pabaya. Wifi akageukia ukuta. Nimemkasirikia Honi kiasi kwamba aliporudi sikumwekea chakula. Hakukitafuta.

Jumanne, 1 Aprili

Honi anakwenda peke yake. Kiwanda kinamwekea wapakiaji huko huko. Amekonda, macho yamezama, lakini amekuwa mpole mno. Anatabasamu akiwa hakuna aliyemsemesha. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali kuhusu mke wake, nikashindwa kuyatoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama ameniuliza leo: "Hivi mmeiondoa honi ile?"

Nikasimama na sufuria mkononi. Kweli. Zimepita siku nyingi sijasikia honi. Ilikuwa akikata kona ya barabara kuu tayari mtaa mzima unajua amerudi, na majirani wanatukana. Sasa lori linaingia uani kimyakimya. Nimekwenda kuijaribu honi. Inalia, na kwa nguvu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemvizia akirudi, nikiwa nyuma ya turubai. Aliingia polepole, akazima injini, akakaa. Kisha akafungua mlango taratibu, akashuka, na kuufunga kwa mikono miwili ili usipige kelele. Aliegemea mlango kidogo kabla ya kuondoka. Mlango huo huwa tunaubamiza kwa goti.

Sasa naogopa, naandika wazi. Si lori ninaloliogopa. Naogopa tutampoteza Honi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kesho napanda naye. Nimemwambia nataka kuisikiliza injini ikiwa na mzigo. Alifikiri, akasema, "Sawa. Lakini ukae upande wa mlango."

Jumatano, 9 Aprili

Naandika kitandani, mchana. Mama amenipokonya spana. Honi amelala chumba cha pili na Wifi yuko naye. Yuko hai. Nimekwenda kumtazama mara nyingi mpaka Wifi akaniambia nikae chini.

Jana asubuhi nilipofungua mlango wa lori nilikuta blanketi katikati ya kiti, limekunjwa vizuri, karibu na mkono wa gia. Nilidhani ni la kujifunika akipumzika. Nikakaa upande wa mlango kama nilivyoambiwa. Kile kingozi cha chini ya mkono wa gia kimechanika zamani, na kulikuwa na joto zuri likipanda kutoka hapo. Kwa baridi ile nililishukuru. Lori zima linanuka petroli na mbao mbichi, na pua zetu zimeshazoea kila kitu.

Bondeni tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, mvua ikawa ya kumwaga, ukungu ukashuka, akawasha taa mchana kweupe. Vioo vimefungwa. Injini ikaanza kulemewa, akaingiza gia ya pili, kisha ya kwanza.

Hapo nikamsikia.

Sitaandika kwamba nilidhani. Mimi nimekua nikisikiliza injini. Nitakwambia mkanda unaolia na beringi inayolia hata nikiwa nimelala. Hizi zilikuwa pumzi. Fupifupi, nyepesi, zilizopangika, pumzi za mtu aliyelala usingizi wa raha. Zilitoka pale katikati, juu ya blanketi. Na kulikuwa na joto lililoniegemea pajani, lenye uzito.

Sikuogopa. Ndilo linalonitetemesha leo, kwamba sikuogopa hata kidogo. Kichwa kilikuwa kizito na kitamu. Niliwaza tu kwamba tusipige kelele.

Mahali fulani ndani yangu fundi alikuwa bado macho, maana mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cha kioo.

"Usifungue, dada," Honi akasema kwa sauti ya chini. "Atapata baridi."

"Nani?"

Akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, akalipapasa blanketi, polepole. "Amelala. Huwa anaamka tukifika juu."

Nikajua. Mwaka juzi walipokuwa wakisafiri na mtoto, palepale ndipo walipomlaza, katikati yao, kwa sababu pana joto na mngurumo unamlaza. Mimi mwenyewe niliwahi kumpakata pale. Na sasa naandika jambo ambalo sitamwambia Mama: nilikiachia kile kishikio. Nikasogeza goti langu upande wa mlango, nisimbane.

Sijui tulikwenda hivyo kwa muda gani. Nakumbuka kichwa cha Honi kikishuka taratibu, na lori likielekea upande wa ngema kama linalotaka kuegesha. Tulipiga ukuta wa udongo kwa pembe. Halikuwa pigo kubwa. Kilichoniokoa ni tumbo: nilijisikia kutapika, na mimi siwezi kutapika ndani ya gari ninalolitengeneza. Nikafungua mlango, nikaanguka kwenye matope kifudifudi.

Baridi ikaniingia kifuani kama maji. Nikavuta pumzi, nikatapika, nikavuta tena, na dunia ikarudi na kelele zake zote. Nikaliita jina la Honi, lile la kuzaliwa. Nikazunguka kwa magoti, nikafungua mlango wake, nikamvuta kwa kola na mkanda. Ni mzito. Alianguka juu yangu. Nilimlaza kwenye mvua, nikampiga makofi ambayo nilikuwa nimemwekea tangu Wifi arudi kwa miguu, nikaendelea kumpiga mpaka akakohoa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikafungua boneti.

Katika giza lile la ukungu, manifoldi ya ekzosi, bomba la kukusanyia moshi wa silinda zote, ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, yote, kutoka silinda ya kwanza hadi ya sita. Matone ya mvua yalikuwa yakiruka juu yake. Nyuma kabisa, upande wa chini, mahali ambapo huwezi kuona ukisimama, palikuwa na ufa. Fila yangu nene ingepita. Ndani yake mlikuwa na mwali wa buluu, unatoka na kurudi, unatoka na kurudi, kila silinda ikitema. Na sauti yake ilikuwa pumzi. Fupifupi, zilizopangika. Juu yake tu ni lile tundu la mkono wa gia.

Nikazima injini. Chuma kikaanza kupoa kwenye mvua, kikilia tik, tik. Ufa ukafumba mbele ya macho yangu, pole pole, mpaka nikawa naupitishia kidole cha glavu na siuhisi tena. Ndiyo sababu uani sikuuona. Uani injini ilikuwa baridi, haina mzigo.

Watu wa trekta la kiwanda walitukuta tumekaa matopeni tumeshikana.

Alhamisi, 10 Aprili

Trekta limelivuta lori mpaka uani. Kichwa bado kinauma, lakini kuna jambo limenikosesha usingizi: manifoldi haiwi nyekundu hivi hivi. Cheche lazima ilikuwa inachelewa, tena sana. Na taa yangu siku zote ilisema inawahi.

Nimetoa plagi ya kwanza, nikateremsha kijiti chembamba ndani mpaka kikakaa juu ya pistoni, nikazungusha injini taratibu. Kijiti kikapanda, kikapanda, kikasimama. Pistoni iko juu kabisa. Nikaenda mbele kutazama puli.

Alama ilikuwa bado iko mbali na kidole, imebaki nyuma kwa upana wa vidole vitatu vyangu.

Puli ile ni vyuma viwili, kitovu na pete ya nje, na kati yake kuna mpira. Mpira umekufa. Kwa kusimama mwaka mzima juani na mvuani umekuwa mkavu kama ganda, na pete ya nje, yenye alama, imekuwa ikiteleza nyuma kidogo kidogo kila safari. Hakuna aliyegeuza distribyuta yangu. Kila niliporudisha taimingi kwenye alama nilikuwa naifuata alama iliyokuwa inakimbia, nikiichelewesha cheche zaidi, na zaidi, na chuma kikizidi kuwaka, mpaka maji ya barabarani yakakipasua.

Nilimhoji mzee wa watu kama mwizi. Nilimnyima mdogo wangu chakula. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandalia sumu, kwa mkono safi, kwa taa na fila. Nimelia nikiwa nimelalia mudgadi, na sioni aibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewaeleza wote. Nimeleta manifoldi mezani, nikawaonyesha ufa, ambao umeachana tena nilipoifungua nati zake, nikawaambia moshi ule unalaza mtu, unamwonyesha na kumsikilizisha vitu, kisha unamuua. Mama amenituma niende kwa Utingo kumwomba radhi. Nimekwenda, amenisamehe, ila harudi. Honi aliusikiliza mkasa wote kwa adabu, kama mgeni. Aliugusa ufa kwa kidole.

"Nimeelewa, dada," akasema.

Baadaye nikamkuta Wifi anaosha vyombo. Nikamuuliza siku ile alishuka kwa kuogopa nini.

Akaendelea kuosha. "Sikuogopa," akasema. "Niliona nikikaa dakika moja zaidi sitashuka tena."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimepata manifoldi nzima na puli nzima kwa wauza vyuma chakavu. Nimezifunga. Taimingi nimepanga kwa kijiti kwanza, alama baadaye. Valvu zote sawa. Tundu la gia nimelishonea ngozi mpya, nyuzi mbili mbili. Injini inanguruma laini, haina hata kikohozi. Siku nyingine ningeshangilia.

Jumamosi, 19 Aprili

Honi ameupanda mlima kwa gia ya tatu. Amerudi mapema, kichwa hakimuumi, rejeta haijachemka. Ameingia uani bila honi. Nilipomuuliza safari ilikuwaje akasema, "Kimya."

Jumanne, 22 Aprili

Alinikuta nanoa bisibisi. Akachuchumaa mbele yangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na anataka kitu.

"Dada, nifungie ile manifoldi ya zamani."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Safari moja tu. Nitaacha kioo wazi kidogo. Kwenda tu, siyo kurudi."

"Honi, ule ulikuwa moshi."

"Najua ulikuwa moshi."

"Utakufa."

"Nimekwambia kioo nitaacha wazi." Alikuwa haniangalii. "Wewe ulimsikia, dada. Nilikuona. Ulisogeza goti."

Niliinuka, nikachukua nyundo kubwa, nikaenda nilikoiegemeza ile manifoldi nyuma ya pipa, nikaipiga. Chuma cha kuyeyushwa hakipindiki, kinavunjika. Nikaivunja vipande vidogo ambavyo hakuna fundi duniani atakayeviunga. Honi alisimama akitazama mpaka mwisho. Hakunizuia. Nilipomaliza akaviokota vyote, kimoja kimoja, akavitia kwenye ndoo, akavipanga pembeni ya ukuta.

Jumatano, 23 Aprili

Nimetoa vioo vya milango yote miwili, na mitambo yake ya kupandishia. Mama ameuliza Honi atasafirije na mvua hii. Nikasema atalowa. Nimevificha mahali ambapo hata mimi nitavisahau.

Ijumaa, 25 Aprili

Amelowa. Amekwenda na kurudi. Hasemi nami.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu. Asubuhi Honi alikuwa amekwisha washa injini, na mimi nimesimama langoni kufungua geti, nilipomwona Wifi anatoka ndani na koti la mvua na mfuko wa chakula. Hakuniaga. Akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango, akapanda. Hakukaa upande wa mlango. Akasogea mpaka katikati, akalitoa blanketi, akalipakata, akakaa hapo mguu mmoja huku na mmoja huku wa mkono wa gia.

Honi akamtazama. Aliinamia usukani, mabega yakaanza kuruka, na sauti iliyomtoka niliisikia juu ya injini na juu ya mvua. Mwaka mzima hakuwa amelia, hata siku ya kuzika. Wifi hakumwambia anyamaze. Alimwekea mkono mgongoni akasubiri, na mvua ikiwapiga wote wawili kupitia madirisha yasiyo na vioo. Nami nilisubiri na geti langu.

Kisha nikasikia akimwambia, "Haya. Endesha."

Wamerudi jioni. Honi ameingia ndani moja kwa moja, amekula, amelala. Wifi alibaki jikoni na mimi akikausha nywele kwa moto. Nilimpa chai. Alikishika kikombe bila kunywa. Nilitaka kumwambia kwamba amemrudisha mdogo wangu, kwamba namshukuru. Alianza yeye.

"Hakuwepo, wifi," akasema. "Nilimtafuta njia nzima."